Akina Cadbury na Mali Yao

Aghalabu jina la mtu likipigwa chapa juu ya kopo au karatasi ya bidhaa, watu husahau upesi kuwa mwenye jina hilo alikuwa na baba na mama, alilala kwa wasiwasi wa madeni, akaamka alfajiri kwenda dukani kwake. Na katika majina yaliyopatwa na usahaulifu huo, ni machache yaliyozoeleka katika nyumba za Kenya na nchi jirani kuliko jina la Cadbury, ambalo lilikorogwa katika maziwa ya moto ya vizazi kadhaa vya watoto, na ambalo lilikuwa na kiwanda chake mjini Nairobi mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Jina hilo lilikuwa la jamaa moja ya mji wa Birmingham, Uingereza, na habari za jamaa hiyo zastahili kusimuliwa kwa kituo, kwa kuwa ndani yake mna uadilifu wa kweli na mna kasoro kubwa, na si rahisi kuvitenga.

Mwanzo wao ni duka. Mwaka 1824 John Cadbury, kijana wa miaka 22, alifungua duka katika mtaa wa Bull Street akauza chai, kahawa na haradali, na kando ya bidhaa hizo kakao ya kunywa aliyoitwanga kwa kinu na mchi. Ili kuwaelewa yeye na waliomrithi sharti mtu aijue dini yao kwanza, maana hapana jambo walilolifanya, la kusifiwa wala la kulaumiwa, lililokuwa mbali na dini hiyo. Walikuwa wa jamii ya Wakristo wajiitao Marafiki, ambao wengine huwaita Quaker, watu wasiokula kiapo wala kushika silaha, wanaokaa kimya katika ibada mpaka mmoja wao aone moyoni kuwa ana neno la kusema. Na msomaji wa Kaimosi au Vihiga hana haja ya kuelezwa, kwani Marafiki wa Kenya leo wanawapita kwa wingi Marafiki wa nchi nyingine yoyote. Kwa sababu ya itikadi zao, vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge viliwafungia milango zama hizo, na kwa hiyo taaluma nyingi za heshima zikawa haramu kwao. Jeshi hawakulitaka wenyewe. Basi iliyobaki ni tijara, nao waliishika kwa bidii ya watu wasio na pengine pa kukimbilia. Fry wa Bristol na Rowntree wa York, washindani wakubwa wa Cadbury katika kakao, walikuwa Marafiki vilevile, wala haikuwa sadfa, kwa maana Marafiki waliona jinsi ulevi ulivyokuwa ukibomoa nyumba za maskini, na walitumaini kuwa mfanya kazi akipata kinywaji cha moto kisicholevya atarudi kwa mkewe jioni na ujira wake ungali mfukoni. Tena aliyefilisika miongoni mwao alikuwa hatarini kutengwa na jumuiya, hata deni likawa aibu ya dini kama lilivyokuwa aibu ya dunia.

Biashara ya John ilikua. Mwaka 1831 alipanga nyumba ya zamani ya kutengenezea kimea katika uchochoro wa Crooked Lane. Mwaka 1847, akishirikiana na ndugu yake Benjamin, akahamia kiwanda kikubwa zaidi cha Bridge Street. Na mwaka 1854 wakapewa hati ya kuwa wauzaji wa kakao kwa nyumba ya Malkia Victoria. Lakini mwaka uliofuata Candia, mkewe John, alifariki kwa kifua kikuu, na tangu siku hiyo mume naye afya ilimwendea upande na moyo wa kazi ukamtoka. Wateja wakapungua, ndugu wakavunja ushirika wao, na mwaka 1861 wana wawili, Richard wa miaka 25 na George wa miaka 21, wakakabidhiwa kiwanda chenye vyumba vingi vitupu na wafanya kazi wachache.

Kila mmoja wa vijana hao alikuwa amerithi paundi 4,000 kwa mama yake, nao walizitia katika kiwanda wakaziona zikiyeyuka mwaka hata mwaka. George aliacha kununua gazeti la asubuhi, akaacha na chai na kahawa, ili asitumie fedha ila kwa dharura. Walikuwa wamekwisha kupatana kwamba wangefunga milango kabla deni halijamfikia mtu yeyote, na kila mmoja alijua atakwenda wapi, Richard kwenye kazi ya upimaji ardhi na George kulima chai katika milima ya Himalaya. Hayo hayakuwa, na sababu yake ni mashine moja.

Kokwa ya kakao, ikisha kuvundikwa siku kadhaa chini ya majani ya mgomba, ikaanikwa juani, ikakaangwa na kupepetwa maganda, ina mafuta yanayofikia nusu ya uzito wake au kuzidi. Ukiisaga na kuitia katika maji ya moto, mafuta hayo hupanda yakaelea juu ya kikombe, mazito na ya kukinaisha, na waliotengeneza kakao zamani waliyafyonza kwa kuchanganya wanga wa viazi, uwanga au unga wa sago. Akina Cadbury nao, tusiwafiche, waliuza kakao ya namna hiyo kama wenzao, iliyokuwa na wanga mwingi na kakao haba. Wafanya biashara waovu walivuka mpaka huo: walitia unga wa matofali na rangi ya madini ya risasi ili mchanganyiko upate wekundu wa kupendeza, na mnunuzi maskini akawa anawanywesha watoto wake sumu kwa fedha zake mwenyewe.

Katika Uholanzi jamaa ya van Houten ilikuwa na shinikizo la kukamua mafuta hayo tangu mwaka 1828, na kakao iliyobaki ilisagwa ikawa unga mwepesi usiohitaji kutiwa wanga. George alipopata habari zake alisafiri kwenda huko, ilhali hajui hata neno moja la Kiholanzi, akazungumza na mwenye kiwanda kwa ishara na kamusi, akarudi amenunua mashine. Mwaka 1866 ndugu hao wakatoa kakao yao isiyochanganywa na kitu, wakaitangaza kuwa safi halisi kwa sauti kubwa kuliko ilivyokuwa desturi ya Marafiki, ambao wengi wao waliona matangazo kuwa ni namna ya majivuno. Matabibu waliwaunga mkono, na Bunge, lililokuwa limechoshwa na malalamiko ya vyakula vya kughushi, likatunga sheria kali mwaka 1872 na tena 1875, hata mtu aliyekuwa na bidhaa safi akajikuta ana sheria upande wake. Mimi siwaoni kuwa wanafiki kwa kupata faida katika usafi. Naona tu kuwa walibahatika kuishi katika miaka michache ambayo uadilifu na faida vilikwenda njia moja, na si kila mfanya biashara hupata bahati hiyo. Mafuta yaliyokamuliwa nayo hayakutupwa: yalirudishwa katika kakao nyingine pamoja na sukari, ikapatikana chokoleti ya kutafuna, ambayo Fry wa Bristol alikuwa wa kwanza kuiuza Uingereza kwa vipande mwaka 1847, na Richard, aliyekuwa na kipaji cha uchoraji, akaitia katika visanduku vyenye picha alizozichora kwa mkono wake, za watoto na maua, tangu mwaka 1868.

Kiwanda cha Bridge Street kilipowasonga, ndugu hao walifanya jambo ambalo wenzao waliliona kuwa wazimu. Walinunua mashamba kiasi cha maili nne kusini ya mji, kando ya kijito kiitwacho Bourn, na mwaka 1879 wakahamia huko na watu wao wote, katika mahali walipopaita Bournville, wakitia mkia wa Kifaransa kwa kuwa zama hizo kila kilichotoka Ufaransa kilidhaniwa kuwa ndicho chokoleti bora. Palikuwa na jiko la kupashia chakula cha wafanya kazi, bustani, viwanja vya michezo vya wanaume na vya wanawake, na kazi ya Jumamosi ilikwisha adhuhuri. Siku ilifunguliwa kwa maombi na kusoma Biblia. Wanawake na wanaume walifanya kazi mbalimbali wasichanganyike, na msichana alipoolewa alitoka kazini siku hiyo, akipewa Biblia na ua la karafuu mwitu kuwa zawadi ya kuagana. Wema huo ulikuwa na jicho la baba, hatuna budi kuutambua hivyo. Aliyeishi chini yake alitunzwa vizuri na kuangaliwa sana.

Kazi kubwa zaidi ya George ilikuwa ya nyumba. Tangu ujana wake alikuwa akifundisha kusoma na kuandika watu wazima wa Birmingham asubuhi ya kila Jumapili, akiingia katika vyumba vyao vya uchochoroni visivyo na hewa wala jua, na alikata shauri kwamba mtu hawezi kuhubiriwa akatengenea ilhali analala katika shimo. Mwaka 1893 akanunua eka 120 karibu na kiwanda, na tangu mwaka 1895 akajenga nyumba ambazo hakuna iliyoruhusiwa kuchukua zaidi ya robo ya kiwanja chake. Sehemu iliyobaki ilikuwa bustani, na kila bustani ilipandwa miti ya matunda kabla mpangaji hajaingia. Hakukujengwa kilabu cha pombe hata kimoja. Nyumba hazikuwa za watu wa kiwanda peke yao, kwani hakutaka mfanya kazi apoteze makazi siku apotezapo kazi. Na mwaka 1900, zilipokuwa zimefika nyumba 313 juu ya eka 330, aliziondoa katika milki yake na katika mirathi ya watoto wake, akaziweka chini ya wadhamini kwa hati, kodi zake zitumike kuzitunza na kujenga nyingine. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hilo ni nini: ni wakfu.

Richard hakuyaona hayo, maana alifariki mjini Jerusalem mwaka 1899, na kampuni ikafanywa ya hisa za jamaa peke yao, George akiwa mwenyekiti na vijana wa nyumba zote mbili wakiwa wakurugenzi. Mmoja wa vijana hao, William, mwana wa Richard, ndiye aliyeangukiwa na mtihani mkubwa kuliko wote.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini karibu nusu ya kakao iliyosagwa Bournville ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno katika bahari ya magharibi ya Afrika. Mwaka 1901 William alipata habari za watu kulimishwa kwa nguvu visiwani, kisha akaona tangazo la kuuzwa shamba la huko, ambalo katika orodha ya mali iliyouzwa, pamoja na ng'ombe na majengo, liliandika vibarua weusi 200. Vibarua hao walitolewa Angola, walitembezwa kutoka bara kwa minyororo, na pwani wakatiwa alama katika mkataba wa miaka mitano wasioweza kuusoma; mkataba ulipokwisha uliandikwa upya, na karibu wote hawakurudi kwao kamwe. Mtu asomaye haya Zanzibar au Bagamoyo hahitaji kuambiwa jina la biashara hiyo.

Walifanya nini akina Cadbury? Walifanya uchunguzi. Mwaka 1903 William alikwenda Lisbon akaahidiwa na Wareno kwamba sheria mpya itatengeneza mambo. Mwaka 1905 wakamtuma Joseph Burtt, Rafiki mwenzao, ambaye ilimpasa kwanza kujifunza Kireno, akazunguka São Tomé, Príncipe, Angola na Msumbiji akarudi mwaka 1907 na ripoti iliyoyathibitisha yote. Kabla yake mwandishi Henry Nevinson alikuwa amekwisha kufuata njia za misafara ya Angola na kuchapisha kitabu mwaka 1906, akiuita mtindo huo utumwa bila ya kuzunguka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza nayo iliwaomba akina Cadbury wangoje, kwa maana ilikuwa ikihitaji fadhila ya Wareno ili watu wa Msumbiji waendelee kupelekwa katika machimbo ya dhahabu ya Transvaal. Basi wakangoja, na wakati wote wa kungoja waliendelea kununua, hoja yao ikiwa kwamba mnunuzi akisusa hupoteza sauti yake. Machi 1909 ndipo Cadbury, Fry na Rowntree waliposusa kakao ya visiwa hivyo kwa pamoja, miaka minane tangu neno la kwanza lilipomfikia William.

Kuna jambo katika miaka hiyo ambalo kila nikilitazama hunitia mashaka. Mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipobatilishwa kwa amri katika Unguja na Pemba, Marafiki wa Uingereza walituma watu Pemba, wakanunua shamba la mikarafuu huko Banani, ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira na mahali pa kukaa. Watu wa imani moja, basi, walikuwa wakiwasaidia walioachwa huru katika kisiwa cha mashariki ilhali matajiri wa imani hiyohiyo walikuwa wakinunua jasho la watumwa katika visiwa vya magharibi. Siamini kuwa walijua na kufumba macho tangu awali. Lakini tangu walipojua, dhamiri iliyokuwa nyepesi sana kwa fundi wa Bournville, ambaye George alimwona kila asubuhi, ilikuwa nzito kwa mtu wa Angola ambaye hapana mkurugenzi aliyemwona.

Gazeti la Standard la London lilisema hayo kwa ukali zaidi mwaka 1908, likiwatuhumu kuwa ni wanafiki, hasa kwa kuwa George alikuwa ndiye mwenye gazeti la Daily News, lililokuwa likilaani kazi ya Wachina katika machimbo ya Transvaal. Akina Cadbury wakashitaki kwa kuvunjiwa heshima. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909, na wakili wa gazeti, Edward Carson, alimsimamisha William akamuuliza kama amepata kukadiria ni watu wangapi waliokufa katika kuivuna kakao aliyoinunua; William hakuwa na jibu ila kukana. Baraza la wazee wa mahakama lilihukumu kuwa Cadbury wameshinda, kisha likawapa fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote za Kiingereza. Sijui hukumu iliyosemwa kwa ufasaha zaidi.

Kakao yao ilihamia Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, mahali ambapo Tetteh Quarshie alikuwa ameleta mbegu kutoka Fernando Po mwaka 1879, na wakulima wenyeji, juu ya ardhi zao wenyewe na bila ya bwana shamba wa kizungu, walikuwa wamepanda kwa bidii hata nchi yao ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao nje mwaka 1911. Mwaka 1905, mwaka uleule Burtt aliposafiri, Bournville ilikuwa imetoa chokoleti ya maziwa iitwayo Dairy Milk, baada ya miaka ya kushindwa na Waswisi. Siri yake ilikuwa maziwa mengi kuliko yaliyotiwa na mwingine yeyote. Ndiyo iliyoifanya kampuni kuwa kubwa. Mwaka 1919 iliungana na Fry, na George akafariki mwaka 1922.

Yaliyofuata ni ya mahesabu zaidi kuliko ya watu. Warithi waliongezeka, kila mmoja na fungu lake dogo, kodi za mirathi zikawalemea, na mwaka 1962 hisa zilianza kuuzwa kwa umma. Mwaka 1969 kampuni iliungana na Schweppes ya vinywaji. Adrian Cadbury, mjukuu wa George, aliiongoza kwa heshima, akaandika pia mwaka 1992, kwa niaba ya kamati, kanuni za uongozi mwema wa makampuni ambazo zimeigwa katika nchi nyingi. Ndugu yake Dominic alistaafu mwaka 2000, na hapo ukawa mwisho wa jamaa hii katika kiti cha uenyekiti. Mwaka 2010 kampuni ya Kraft ya Marekani iliinunua Cadbury kwa paundi bilioni 11 na ushei. Watu wa jamaa walipinga magazetini, lakini hisa zilizobaki mikononi mwao zilikuwa chache mno, na wengi wa waliouza walikuwa walanguzi walionunua wiki chache kabla ili wapate faida ya haraka. Kraft ilikuwa imesema itakiacha wazi kiwanda cha Somerdale karibu na Bristol, ambacho ni urithi wa akina Fry. Siku chache baada ya kushinda, ilitangaza kukifunga.

Mwaka 2024, hati ile ya kifalme ya tangu 1854 haikufanywa upya. Kiwanda cha Bournville kingali kikitoa chokoleti, nacho ni mali ya Mondelez, kampuni iliyotokana na Kraft, ambayo makao yake yako Chicago. Nyumba za George hazikuuzwa pamoja nacho, kwa kuwa hazikuwa za mtu wala za kampuni. Wadhamini wangali wakizisimamia, zimekuwa maelfu, na kodi zake hutumika kama hati ya mwaka 1900 ilivyoagiza.